Matanga ya Fundi Aliye Hai

Kwanza niseme wazi kwamba fundi hakufa. Nimechoka kuulizwa. Hadi leo nikienda Kamachumu kununua sabuni, nitakutana na mtu wa umri wangu anayeapa kwamba alikuwepo siku fundi alipozikwa. Nikimbana kidogo anakubali kwamba kaburi hakuliona, ila ndizi za msiba alikula. Hilo la ndizi ni kweli, hata mimi nilikula.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipoitana ndugu hata na wale tusiosalimiana. Nilikuwa mhudumu wa zahanati, msichana wa Kilutheri niliyepangiwa kazi katika kijiji cha Wakatoliki watupu. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda, kugawa klorokwini na kuwagombeza akina mama waliochelewa kuwaleta watoto wao. Hiyo ya tatu ndiyo niliyokuwa na kipaji nayo. Dereva wa lori la kahawa aliniita Sista kwa makusudi, akijua fika kwamba mimi si mtawa na wala sikuwa na mpango huo. Nilimjibu kila mara, naye alifurahi kila mara.

Fundi alikuwa seremala, mtu wa miraba minne, mkubwa wa mgambo wa kijiji. Alikuwa mrefu hivi kwamba aliinama kuingia katika milango aliyoitengeneza mwenyewe. Kwetu mgonjwa akizidiwa hubebwa kwa machela, majirani wakipokezana mabega hadi barabarani, na machela ya kijiji chetu aliitengeneza yeye. Katika kuibeba, nafasi yake ilikuwa mbele, upande wa kushoto, na hakuna aliyewahi kuigombea. Ukisikia anakuja anapiga mluzi, ujue mgonjwa ana nafuu. Akija kimya, mimi nilikwenda kuchemsha maji.

Halafu ukaja ule upepo. Ulitoka ziwani alasiri moja, ukiwa na mvua ya mawe ndani yake, na ulipopita migomba yote ilikuwa imelala upande mmoja. Kwa mtu wa kwetu hilo peke yake ni msiba, maana kibanja, shamba letu la migomba, ndicho chakula, ndicho kivuli, ndicho kaburi la babu. Lakini siku hiyo ilikuwa siku ya kupeleka kahawa, na watu walipoona mawe yanadondoka walikimbilia ndani ya ghala la kahawa. Ukuta wa upande wa ziwani ukaanguka, na paa likaufuata.

Sisi watatu ndio tuliofika kwanza. Mimi kwa sababu zahanati ilikuwa jirani, dereva kwa sababu lori lake lilikuwa limeegeshwa pale nje, na fundi kwa sababu fundi hakuwahi kuwa wa pili kufika mahali popote. Wengine walikuja baadaye na majembe.

Sitaeleza yote. Nitaeleza hili moja, kwa kuwa mengine yote yametokana nalo. Chini ya matofali zilisikika sauti kutoka pande mbili. Upande mmoja walilia watoto. Upande wa pili alikuwa bibi mmoja, mama yake mwenyekiti wa kijiji, na yeye hakulia, aligomba. Aliuliza ni mpumbavu gani aliyemkalia mguu. Fundi alisimama katikati, akageuza kichwa huku, akageuza kule, kisha akaenda kwa watoto. Aliwatoa wote wakiwa hai. Alipovuka kwenda upande wa pili bibi alikuwa ameshanyamaza. Fundi alimtoa, akavua shati lake, akamfuta uso, akambeba mwenyewe mikononi mpaka kwa mwanawe. Machela hakuitaka.

Dereva aliwakimbiza majeruhi hospitali Bukoba, akarudi, akapakia wengine. Mimi nilifunga vidonda mpaka bendeji zikaisha, nikaanza kuchana kanga. Na wale ambao hawakuhitaji bendeji, fundi aliwatengenezea majeneza, kwa kuwa kijiji hakikuwa na seremala mwingine.

Baadaye alikuja mkubwa kutoka wilayani. Alitushukuru kwa moyo wa kujitolea, tukapigiwa makofi ya pamoja, akaondoka na vumbi lake. Padri aliwaombea marehemu na mchungaji akaziombea familia zao. Machela ilioshwa, ikaanikwa juani. Yaani tuliiosha sisi, kwa sababu nani mwingine angeiosha? Kisha kila mtu akarudi kazini kwake.

Hapo ndipo kila mmoja wetu alipojichagulia wazimu wake.

Wangu ulikuwa hasira. Nilikuwa mkali tangu zamani, sikatai, lakini sasa nilimgombeza mzee kwa kukohoa. Nilimgombeza kuku aliyepita mlangoni, tena kwa hoja, nikimpa nafasi ya kujieleza. Wagonjwa walianza kupona nyumbani ili wasikutane na mimi.

Wa dereva ulikuwa maneno. Alizungumza kutoka Kamachumu mpaka Bukoba bila kumeza mate, hadithi juu ya hadithi, vichekesho juu ya vichekesho, na abiria wa juu ya magunia waligonga bodi washuke kabla ya kufika walikokwenda. Mimi nilijua sababu yake. Akinyamaza, mikono ilimtetemeka kwenye usukani.

Na wa fundi ulikuwa paa. Hakuweza kukaa chini ya paa. Alianza kwa kulia chakula nje, tukaona ni mtu anayependa hewa. Akahamisha mkeka nyuma ya jiko, kwenye migomba michache iliyobaki imesimama, akawa analala huko na mwavuli mweusi juu ya kichwa. Karakana yake ilibaki imefungwa, randa imeshika kutu. Watu wakimuuliza alisema ndani kuna joto. Kamachumu hiyo, ambako watu huvaa sweta kwenda kisimani!

Basi walimtania. Walimuuliza kama nyumba imempa talaka, kama mkewe amepandisha kodi. Yeye alitabasamu kwa mdomo tu. Mwenyekiti peke yake ndiye ambaye hakumtania, kwa sababu mwenyekiti hakumkaribia kabisa. Akimwona fundi mbele alikata kushoto. Kijiji kizima kililiona hilo, na fundi aliliona kabla ya kijiji.

Mke wa fundi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na ujauzito wake ulikuwa mkubwa. Alikuja zahanati asubuhi moja, akakaa kwenye benchi bila kusubiri zamu.

"Dada, nipe dawa ya mume wangu."

"Anaumwa nini?"

"Wewe unajua anaumwa nini. Mvua kubwa zinakuja, na mtoto anakuja. Nikamzalie chini ya mwavuli?"

Nilimpa aspirini, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Aliitazama ndani ya kiganja chake.

"Aspirini ya nini? Paa ndilo linalomuuma kichwa?"

Nilitaka kumgombeza, lakini nilikuwa nimekutana na anayeniweza. Aliniambia: "Kwetu mtu akifiwa anakaliwa, waitu. Nyasi zinatandikwa ndani, moto unakokwa nje, watu wanakuja wanakaa naye. Mwenyekiti alifiwa na mtu mmoja, tulimkalia. Huyu wangu aliwabeba wote, akawapimia na mbao. Nani amemkalia?"

"Lakini hakufiwa," nikasema. "Hawakuwa ndugu zake."

"Si ninyi mnaotuambia kwenye mikutano kwamba sote ni ndugu?"

 

Akaenda kufanya matanga. Alikata nyasi kule juu rweya, mbugani, akazitandika sebuleni zote, nene, kama inavyotakiwa. Akakoka moto uani. Alimtumia dereva ujumbe kwa abiria wa basi la Bukoba: njoo, kuna matanga kwa fundi. Mimi nilifunga zahanati, nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda na sukari. Mpango ulikuwa rahisi. Sisi watatu tuliofika kwanza ghalani tungekaa pamoja, huko huko kwenye mkeka wa fundi, tungekunywa chai, tungetafuna kahawa na kusema yanayosemeka.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba siku hiyo ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Tangu asubuhi watu walikuwa wakipita pale mbele ya nyumba na majembe, wakienda kulima lile shamba letu la pamoja, ambalo halikuwahi kutupa kitu ila magugu na hotuba. Wakaona moshi uani. Wakaona nyasi mlangoni. Wakaniona mimi na kanga kiunoni. Sasa kwetu siku ya msiba jembe haligusi udongo, na mtu mwenye adabu hasimami njiani kuuliza ni nani aliyekufa. Anaweka jembe chini, anarudi nyumbani kuchukua mkungu wa ndizi, anakuja. Majina atayasikia ndani.

Ndani hawakusikia jina, ila walihesabu kwa macho. Mke yupo. Mhudumu wa zahanati yupo, tena amenuna. Mwenye nyumba hayupo. Mama wa kwanza alishika kichwa.

"Yee tata! Fundi wetu!"

Hapo ikawa basi. Mke wa fundi alisimama na tumbo lake, akapaza ile sauti: "Hajafa!" Wakamkumbatia. "Hajafa, nawaambia!" Wakamkalisha chini taratibu, wakamfuta jasho, na mjane mmoja akamwambia, "Ndivyo, mwanangu, hata mimi wa kwangu nilisema hivyo hivyo." Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyomhurumia. Mimi nilijaribu kuwaeleza kwa hasira zangu zote, nikaambiwa Walutheri hawajui kulia, nikae.

Uani wanaume walishaanza kujaa kuzunguka moto. Katekista akaongoza sala. Halafu akaja mwenyekiti mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa shambani peke yake na filimbi yake mpaka akaletewa habari. Alivua kofia. Wote wakainamisha vichwa, kwa hiyo hakuna aliyemwona marehemu akitokea nyuma ya jiko, mwavuli mkononi, kuja kuuliza kelele zote hizi ni za nini. Mimi nilimwona, nikiwa mlangoni. Alisimama nyuma ya watu, amewazidi wote kichwa kizima, na kwa adabu, alipoona watu wamevua kofia, naye akainama.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti alianza kwa sauti ya mkutano, kisha sauti ile ikamwishia. Alijaribu tena bila wananchi.

"Huyu mtu nina deni naye la maneno. Siku ile ya ghala alianza na watoto. Watu waliniambia, wakidhani nitakasirika. Mama yangu mnamjua. Kama angeanza na yeye akawaacha watoto, mama angemchapa na kile kigoda kibovu alichomtengenezea." Watu wachache walicheka, wakajizuia. "Alimleta kwangu mikononi. Nilipofunua uso, mama alikuwa safi. Mimi nilikuwa na matope, yeye alikuwa safi. Nilitaka kumwambia ahsante. Kila nikifika njia ya kwake nilikata kushoto, kwa sababu nilijua nikimwona nitalia, na mimi ni mwenyekiti. Sasa ameondoka akidhani nimemchukia."

Ikasikika sauti nyuma. Haikuwa kilio cha matanga, ambacho kina mpangilio wake. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyezuia kitu kwa muda mrefu sasa kikamshinda. Watu wakageuka. Marehemu alikuwa amekaa chini, mwavuli umemlalia mapajani, analia kama mtoto.

Katekista wetu, mtu wa imani kubwa katika ufufuo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka ndani ya mibuni. Wengine walimfuata. Mwenyekiti peke yake hakukimbia. Nadhani miguu ilikataa, lakini yeye husema ulikuwa ushujaa, na mimi humwachia. Alimtazama fundi, akamsogelea, akamgusa bega kwa kidole kuhakikisha. Kisha akakaa chini pale pale vumbini, na alichokuwa akikiogopa miezi yote ile kikampata mbele ya watu wake wote.

 Walilia tu, mwenyekiti na fundi, bega kwa bega, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja kutoka kwenye mibuni wakijikung'uta majani.

Ndipo lori likaingia. Ujumbe wa basi ulikuwa umefika Bukoba ukiwa umekua njiani, na dereva aliletewa habari ya kifo kamili. Alikuwa amefikiri sana: seremala wa majeneza amekufa, nani atamtengenezea jeneza? Basi akaja na mbao. Alishuka akilia, akiongea, akimlaani Mungu na kumwomba radhi kwa pumzi ileile, akafungua bodi la nyuma, na aliyempokea ule ubao wa kwanza alikuwa fundi.

Dereva alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule upepo.

Fundi aliugeuza ubao, akaupitisha kidole, akaunusa. Macho yake yalikuwa mekundu bado.

"Mbichi," alisema. "Mlitaka kunizika ndani ya mbao mbichi?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile matangani. Akina mama tu ndio waliokasirika, kwa kuwa walikuwa wameshalia na machozi hayarudishwi. Mmoja alidai mkungu wake, lakini ulikuwa umeshamenywa, upo chunguni. Ikabidi tule. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikatokea, sijui kwa nani. Kuhusu shamba, mwenyekiti alitoa uamuzi kwamba msiba ulishatangazwa na sheria ni sheria, hakuna kulima. Alikaa karibu na fundi mpaka jua likaelekea kuzama.

Ningependa kusema kwamba fundi aliingia ndani jioni hiyo. Hakuingia. Alirudi kwenye mkeka wake. Tofauti ni kwamba sasa alipiga mluzi huko.

Mkewe naye hakuziondoa zile nyasi. "Nyasi za matanga zinatolewa na mwenye msiba," alisema, na kila jirani aliyekuja kumsaidia alifukuzwa. Nyasi zikakaa, na viroboto wakasikia kuna mahali. Nilikwenda kama mtu wa afya kumwambia ni hatari. Nilimkuta amekaa kwenye kona ya mbali ya sebule, miguu imenyooka, anajikuna.

"Mwambie yeye," akasema.

Fundi alikuwa mlangoni. Alikuwa amekata mti mrefu wenye ndoano na, akiwa amesimama nje, alikuwa akivuta nyasi kidogo kidogo. Zote za karibu na mlango alizipata. Zile za katikati na za kwenye kona, mti haukufika. Alijaribu kuegemea, akanyoosha mkono, akachungulia juu kwenye paa, akarudi nyuma akitoka jasho. 

Mkewe aliacha kujikuna.

"Njoo unikune mgongo," akasema, kwa sauti fupi ambayo sikujua anayo. "Mimi sifiki."

Fundi aliweka mti chini. Aliinama, kama alivyoinama siku zote kwenye mlango ule, akaweka mguu mmoja ndani. Alisimama hivyo, macho juu kwenye boriti. Kisha akaleta mguu wa pili. Alivuka sebule bila kupumua, akakaa nyuma ya mkewe, akaanza kumkuna. Mimi nilitoka nje, maana mambo mengine si ya zahanati.

Baadaye niliona nyasi zinatoka, kumbatio moja baada ya jingine, zikirundikwa kwenye migomba. Nilirudi chumbani kwangu nyuma ya zahanati, nikamgombeza kuku.

Sikuwa nimemaliza mlango ulipogongwa. Fundi alikuwa pale, ameshika kumbatio la mwisho la nyasi kifuani. Nyuma yake alikuwa mkewe na birika, na dereva, ambaye alikuwa kimya na mikono yake imetulia. Fundi aliinama, akaingia chini ya paa langu bila kulitazama, akazimwaga nyasi sakafuni, akazitandaza kwa mguu.

"Dada," akasema, "na wewe umekaliwa na nani?"

"Mimi nipo kazini," nilimjibu kwa ukali. "Mimi sifiwi. Toa uchafu wako hapa."

Hakutoa. Alikaa chini, wenzake wakakaa, na mkewe akanishika mkono akanivuta mpaka nikakaa katikati yao. Nilifungua mdomo niwagombeze wote watatu, nao wakasubiri, na kilichotoka hakikuwa maneno. Nililia kwa ajili ya bibi, na kwa zile kanga nilizozichana, na kwa wale ambao hawakuhitaji bendeji. Nililia vibaya, bila mpangilio, kama Mlutheri. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Nyasi zile zilikaa chumbani mwangu siku kadhaa. Halafu nikazitoa mwenyewe, huku nikijikuna.